Muwa Ndani ya Pipa: Namna ya Kuonja Ramu Kongwe ya Martinique

Ramu nyingi duniani hutokana na molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Ramu ya Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika bahari ya Karibi, haipiti njia hiyo. Hutengenezwa kwa juisi ya miwa iliyokamuliwa ikiwa bado mbichi, ikachachushwa na kukenekwa bila kutolewa sukari hata chembe. Kwenye chupa huandikwa rhum agricole. Ikikaa miaka ndani ya mapipa ya mwaloni hubadilika rangi, harufu na ladha, na hapo ndipo kazi ya mwonjaji inapoanzia: kutambua kipi kimetoka shambani, kipi mtamboni na kipi kwenye pipa, kisha kuamua kama vyote vitatu vimekaa pamoja vizuri au kimoja kimewameza wenzake.

Tofauti ya molasi na juisi ni kubwa. Molasi imechemshwa mara kadhaa. Harufu zake za kijani zimekwisha kupotea na mvuke, zimebaki zile za sukari guru na karameli. Tena molasi huhifadhika kwenye matangi kwa miezi na husafirishwa kwa meli, ndiyo sababu ramu hutengenezwa hata katika nchi zisizo na shamba la miwa. Juisi haisubiri hivyo. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya miwa pale Forodhani, Unguja, anajua kwamba juisi hubadilika rangi baada ya muda mfupi, na ikilala huchacha. Wenye viwanda wa Martinique wanakabiliwa na jambo hilo hilo kwa tani nyingi. Muwa ukishakatwa huanza kuharibika, kwa hiyo lazima ukamuliwe ndani ya siku moja au mbili. Ramu ya namna hii haiwezi kutengenezwa mbali na shamba lake.

Wafaransa waliingia Martinique mwaka 1635, na kwa karne mbili hivi zilizofuata miwa ya kisiwa hicho ililimwa, ikakatwa na kukamuliwa na Waafrika waliouzwa utumwani na wazao wao. Utumwa uliondolewa Mei 1848. Katika miaka hiyo yote mali ilikuwa sukari, na pombe ilitengenezwa kwa mabaki yake. Padri Jean-Baptiste Labat, wa shirika la Wadominiko, aliyefika kisiwani mwaka 1694, husifiwa katika kila historia ya ramu kwa kuboresha mitambo ya sukari na ya kukeneka. Ni haki kuongeza kwamba mikono iliyoendesha mitambo hiyo ilikuwa ya watumwa, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye chupa.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Ulaya ilianza kupata sukari yake yenyewe kutokana na bitiruti, bei ya sukari ya visiwani ikaanguka, na viwanda vingi vikafilisika. Wakulima walibaki na miwa isiyo na soko, wakaona heri wakamue juisi yote na kuikeneka moja kwa moja. Mwaka 1887 Homère Clément, daktari na mwanasiasa, alinunua shamba la Acajou huko Le François, ambalo baadaye likawa mojawapo ya makao makuu ya ramu hii. Kisha likaja janga. Tarehe 8 Mei 1902 Mlima Pelée ulilipuka ukauteketeza mji wa Saint-Pierre, bandari iliyokuwa kitovu cha biashara ya ramu kisiwani, na kuua watu wapatao 28,000. Viwanda vya mjini viliangamia pamoja na wenyewe. Victor Depaz, kijana wa familia ya wenye mashamba, alinusurika kwa kuwa alikuwa masomoni Bordeaux. Alirudi baadaye, na kiwanda chake kilianza kazi mwaka 1917 kwenye miteremko ya mlima ule ule.

Novemba 1996 Ufaransa iliipa ramu ya Martinique hadhi ya AOC, yaani ulinzi wa kisheria wa jina na asili, kama ule uliokuwa ukilinda mvinyo na jibini zake mashuhuri. Ilikuwa ramu ya kwanza kuipata. Tangu hapo haitoshi mtu kuwa na miwa na mtambo. Sheria inataja maeneo ya kulima, aina za miwa, kiwango cha sukari, namna ya kukeneka na muda wa kukaa pipani. Kwa mwonjaji, masharti hayo ni msaada mkubwa, kwa sababu yanapunguza mambo ya kukisia. Nje ya Martinique pia ramu ya juisi hutengenezwa: Guadeloupe, Haiti, Madeira, na katika Bahari ya Hindi huko Réunion na Morisi. Lakini hakuna mahali ilipofungwa kwa masharti makali namna hii.

Uvunaji hufanyika katika miezi ya kwanza ya mwaka, wakati wa kiangazi, maana muwa usiopata maji mengi hukusanya sukari zaidi. Juisi inatakiwa ifikie angalau 14 kwa kipimo cha Brix, ambacho hupima sukari. Aina za miwa hujulikana kwa herufi na namba. B69-566, inayoitwa muwa wa buluu kwa ajili ya rangi ya ganda lake, ilizalishwa Barbados. R570 na R579 zilizalishwa Réunion, kisiwa kilichopo mashariki ya Madagaska. Martinique yenyewe ni ndogo, kiasi cha kilomita za mraba 1,100, ila mtu akitoka kaskazini kwenda kusini huona mabadiliko makubwa. Macouba, kilipo kiwanda cha J.M, pako chini ya Mlima Pelée, penye udongo wa volkano na mvua nyingi. Sainte-Luce, yalipo mashamba ya Trois Rivières, ni pakavu na karibu na bahari. Waonjaji wenye uzoefu husema huisikia tofauti hiyo, hasa katika ramu nyeupe ambayo pipa halijaigusa.

Kiwandani miwa hukatwakatwa na kupitishwa kwenye vinu vya chuma. Makapi huchomwa kwenye boila ili kupata mvuke, hivi kwamba joto la kukenekea ramu hutoka kwenye muwa ule ule. Juisi huchujwa, hutiwa hamira na kuachwa ichache siku moja hadi tatu. Hapo hupatikana pombe hafifu yenye alkoholi ya asilimia 4 hadi 6 hivi, isiyo mbali sana na pombe za miwa za Afrika Mashariki, kama muratina ya Wakikuyu inapotengenezwa kwa miwa badala ya asali.

Hatua inayofuata ndiyo inayoipa ramu hii tabia yake. Pombe huingizwa karibu na kilele cha mnara mmoja wenye visahani vingi ndani, ikashuka kisahani hadi kisahani huku mvuke ukipanda kutoka chini. Mvuke hubeba alkoholi na harufu, hupozwa, na hutoka ukiwa pombe kali ya rangi ya maji. Sheria inataka pombe hiyo iwe na alkoholi kati ya asilimia 65 na 75. Namba hizo si za makaratasi tu. Kadiri kiwango cha alkoholi kinavyopandishwa mtamboni ndivyo harufu zinavyoachwa nyuma. Spiriti ya kutengenezea vodka hufika asilimia 95 au zaidi, na karibu haina harufu ya asili yake. Kwenye asilimia 70 bado kuna nafasi ya esta, asidi na mafuta mepesi yaliyozaliwa wakati wa kuchacha. Harufu hizo zisipokuwepo, pipa halina cha kufanyia kazi.

Mapipa yenyewe huwa ya mwaloni wa Ufaransa au wa Marekani. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyokwisha kutumika mara moja, ya lita 200 hivi, huuzwa kwa wingi na mengi huishia visiwani. Martinique hairuhusu pipa la lita 650 au zaidi kwa ramu kongwe, kwa sababu pipa likiwa kubwa mno pombe nyingi haigusi ubao. Mwaloni uliopashwa moto hutoa vanilini, yenye harufu ya vanila. Hutoa laktoni, zinazokumbusha tui la nazi. Hutoa pia eujenoli, kemikali ile ile inayozipa karafuu za Pemba harufu yake, japo hapa ni chembechembe tu. Tanini huleta rangi na ukakasi. Wakati huo huo hewa hupenya polepole kupitia ubao, na ile ramu iliyokuwa na makali ya majani mabichi huanza kunukia matunda yaliyokaushwa, ganda la chungwa, tumbaku na kakao.

Joto la Karibi huharakisha yote hayo, na malipo yake ni kupungua kwa ramu yenyewe. Huko Uskoti pipa la wiski hupoteza kiasi cha asilimia 2 kwa mwaka. Martinique hasara inaweza kufika asilimia 7 au 8. Mtu akikokotoa kwa asilimia 7, pipa la lita 200 lisiloongezwa chochote litabaki na lita 97 baada ya miaka 10, wakati lile la Uskoti litakuwa bado na lita 163. Wenye maghala hujaza mapipa yaliyopungua kwa ramu ya umri ule ule ili hewa isizidi ndani. Hii ndiyo sababu ya bei ya ramu ya miaka 15, na ndiyo sababu pia umri wa ramu ya kitropiki haupaswi kulinganishwa mwaka kwa mwaka na wiski ya nchi za baridi.

Maandishi ya chupa husaidia, mradi mtu ajue yanavyosomwa. Ramu iliyokaa kwenye mwaloni mwaka mmoja au zaidi huandikwa élevé sous bois. Ili iitwe vieux, yaani kongwe, lazima ikae miaka 3. VO ni miaka 3, VSOP ni miaka 4 na XO ni miaka 6, na katika mchanganyiko hesabu hufuata ramu iliyo changa kuliko zote. Rangi, kwa upande mwingine, ni shahidi asiyeaminika. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu karameli kurekebisha rangi ya ramu, na zinaruhusu ramu kwa jumla kutiwa utamu hadi gramu 20 kwa lita. Wanunuzi wengi huamini kwamba nyeusi zaidi ndiyo kongwe zaidi, na imani hiyo imeuza chupa nyingi zisizostahili. Neno agricole lenyewe, katika soko la Ulaya, limehifadhiwa kwa ramu za majimbo ya ng'ambo ya Ufaransa na Madeira.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji vifaa vya gharama. Glasi iwe ndogo, pana chini na iliyobana mdomoni, ili harufu ikusanyike juu. Glasi pana ya barafu hutawanya harufu, na barafu huzizima. Sentilita 2 au 3 zinatosha. Ramu iwe na joto la chumba, na katika nyumba ya pwani wakati wa kaskazi ni afadhali chupa ikae kidogo mahali penye ubaridi, maana kwenye nyuzi 30 alkoholi hupanda haraka na kuchoma pua. Anayeonja asiwe amejipaka manukato, na chumbani pasiwe na udi. Ni vizuri kuanza na tone la ramu nyeupe ya kiwanda kile kile, kama inapatikana. Ramu nyeupe ya Martinique, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa na asilimia 50 au 55, hunukia muwa uliopasuliwa, majani mabichi, ndimu na pilipili manga. Mtu akishaiweka harufu hiyo akilini, ana kipimo cha kutafutia muwa ndani ya ile kongwe.

Ramu kongwe imiminwe na kuachwa itulie dakika kumi. Katika muda huo alkoholi ya juu hupungua na macho hupata kazi kidogo. Glasi ikizungushwa, michirizi huteremka ubavuni taratibu. Michirizi hiyo hueleza habari za alkoholi, wala haithibitishi ubora kama wengine wanavyodai. Kisha glasi iletwe usawa wa kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, na isogezwe juu polepole. Kosa la kawaida ni kuzamisha pua kwenye glasi kama anayenusa mvinyo. Pombe ya asilimia 45 itaifisha ganzi pua hiyo kwa dakika kadhaa, na hakuna kitakachosikika tena.

Katika VSOP nzuri, zinazotangulia ni harufu nyepesi: ndizi mbivu, nanasi, ganda la chungwa. Glasi ikikaa zaidi, hufuata vanila, mdalasini, kungumanga na karafuu, ambavyo ni kazi ya mwaloni. Chini kabisa hukaa zile nzito: tumbaku, ngozi, kahawa, njugu zilizokaangwa. Halafu, mara nyingi baada ya dakika 15 au 20, hutokea jambo ambalo ramu ya molasi haina. Harufu ya muwa hurudi, safari hii ikiwa kavu zaidi, kama ganda lililoachwa juani. Hapo ndipo pa kukata shauri. Ramu ambayo muwa wake haurudi kabisa, hata ikiwa na viungo vya kupendeza namna gani, imekwisha kuwa maji ya mbao, na kazi yote ya kukimbiza juisi mbichi kutoka shambani imepotea bure.

Funda la kwanza liwe dogo mno, nusu ya kijiko cha chai, kwa ajili ya kuuzoesha ulimi tu. Halina hukumu. La pili lizungushwe kinywani kwa sekunde kadhaa kisha limezwe au litemwe. Waonjaji wa kazi hutema, maana baada ya glasi nne au tano akili haina tena uaminifu. Aliyezoea ramu tamu hushangaa hapa, kwa sababu ramu ya juisi ni kavu. Pua ilikuwa imeahidi asali na matunda, ulimi unakutana na pilipili manga, uchungu kidogo wa ganda la ndimu na ukakasi kwenye ufizi. Ukavu huo ni tabia yake na hauhesabiwi kuwa kasoro. Kasoro ni ukakasi unaokausha kinywa kizima kama ndizi mbichi, dalili ya pipa lililopita kiasi. Kasoro pia ni makali yanayochoma koo bila kuacha ladha, na utamu unaonata midomoni, ambao huleta shaka kwamba kuna mkono wa mtu uliotia sukari.

Baada ya kumeza, mtu avute hewa puani na kungoja. Ramu iliyotengenezwa vizuri huendelea kusikika kwa dakika nzima au zaidi, tena hubadilika: kwanza viungo, baadaye kakao au tumbaku, mwishoni ule ukijani wa muwa. Urefu huu ndio hasa unaoitenganisha chupa ya wastani na chupa bora, kuliko wingi wa harufu za mwanzo. Hata glasi tupu haifai kuoshwa upesi. Alkoholi ikishakauka, harufu nzito hubaki chini yake kwa saa nyingi na huweza kukaguliwa bila kuchomwa pua.

Kuongeza maji si dhambi. Matone mawili au matatu katika ramu ya asilimia 45 na kuendelea hulegeza makali na kufungua harufu zilizokuwa zimefunikwa. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski ladha yake, husogea juu ya pombe alkoholi inapopunguzwa. Utafiti ulihusu wiski, ila kanuni ya maji na alkoholi ni moja. Maji yatiwe kwa tone, na kila tone lifuatwe na kunusa upya. Ramu dhaifu huvunjika mara moja na kuwa maji maji. Ile iliyojengeka huonyesha sura nyingine.

Wapenzi wa chupa ghali hukimbilia miaka mingi. Katika joto la Martinique hiyo ni hatari. Kati ya miaka 4 na 10 hivi mwaloni na muwa huwa bado wanasikilizana. Baada ya 15 ni mapipa machache tu yasiyozidiwa na tanini, na mengi ya yaliyobaki huuzwa kwa umri wake kuliko kwa ladha. Anayetaka kuielewa ramu ya juisi, na ana uwezo wa kununua chupa moja tu kongwe, achukue VSOP ya asilimia 42 hadi 45 aiache XO, na akiweza aongeze chupa ndogo ya ramu nyeupe ya kiwanda hicho hicho. Azionje siku moja, nyeupe kwanza, tena bila soda wala barafu. Ikishafunguliwa, chupa isimamishwe wima ili alkoholi isile kizibo, iwekwe mbali na jua, na ikishapungua chini ya nusu inywewe ndani ya miezi michache, kwa maana hewa inayobaki ndani ya chupa huanza kuififisha.